Tusome Hadithi ya Mapenzi kwa Kucheka



Watu wengi wa mikoa ya Ziwa walijifunza kusoma kwa pamba. Mradi wa kisomo uliofanyika huku kati ya 1968 na 1972 ulitumia vitabu vilivyofundisha herufi na kilimo kwa pamoja. Mtu alishika kalamu huku akisoma habari za kupanda kwa mistari. Wengine walisoma habari za samaki, wengine ndizi, wengine ufugaji. Lakini mtu akishajua kusoma, nani atamzuia? Siku moja mkono wake utashika kitabu chenye picha ya msichana analia jaladani, na hapo pamba itasubiri.

Somo letu la leo linahusu vitabu vya namna hiyo, yaani hadithi za mapenzi. Tena hatutazisoma kwa kulia. Tutasoma ile aina inayozitania hadithi za mapenzi zenyewe.

Kwanza, hadithi yenyewe ya kutaniwa ikoje? Unaijua. Kijana mtanashati anagongana na msichana njiani, madaftari yanaanguka, wote wawili wanainama kuyaokota, macho yanakutana. Msichana ana shingo ya twiga na meno meupe kama theluji. Baba yake hataki. Anatokea tajiri mwenye gari na miwani nyeusi. Barua inapotea. Mmoja analazwa hospitali hajitambui, na siku anafumbua macho jina la kwanza analotamka ni la mpenzi wake. Ndoa. Mwisho.

Ukisoma kitabu cha kwanza, machozi yanakutoka. Ukisoma cha pili, unaona mbona huyu tajiri ni yule yule. Ukifika cha tano, unajua barua itapotea ukurasa gani. Msomaji wa namna hiyo ndiye hadithi ya mzaha inamtafuta, maana hapo ndipo utani unapoweza kuanza.

Nimesema utani kwa makusudi. Katika makabila mengi ya nchi yetu, mtani akifika msibani anaruhusiwa kumwigiza marehemu. Atavaa koti lake, atashika fimbo yake, atatembea akichechemea kama yeye, ataomba ugoro kwa sauti yake. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Kwa nini wanacheka? Kwa sababu mwendo ule wanaujua. Mgeni asiyemfahamu marehemu ataona mtu amevaa koti kubwa, basi. Tena mtani hamwigizi mtu anayemchukia. Ndivyo ilivyo kwa mwandishi anayetania hadithi za mapenzi: amezisoma nyingi, anazipenda, na mwendo wake anaujua hatua kwa hatua.

Sasa tusome mfano. Hadithi hii tumeitunga kwa ajili ya somo. Tumeiweka Lalago, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, lakini watu wake hawapo, usiende kuwatafuta.

PENZI LA MASIKA

Jua lilikuwa likizama kama sahani ya dhahabu. Masanja alikuwa amesimama kando ya barabara ya Kolandoto kwenda Mwanhuzi, upepo ukicheza na nywele zake, ingawa alikuwa amenyoa juzi. Ghafla akamwona Kija. Macho yao yakakutana. Dunia ikasimama.

Punda hakusimama. Alikuwa amebeba madumu manne ya maji na njia ya nyumbani aliijua.

"Ewe malaika," alisema Masanja, mkono kifuani.

Kija akageuka nyuma aone anayeitwa ni nani.

"Wewe, ua la moyo wangu!"

"Ua gani, kaka? La alizeti?"

"Shingo yako ni ya twiga."

"Twiga nimemwona. Ana mabaka."

Masanja alitaka kuzimia, kama inavyotakiwa, lakini pale chini palikuwa na miiba ya mgunga. Akajikaza. "Usiponipenda nitakufa!" akasema.

"Kabla hujafa," Kija akamjibu, "hebu nishikie huyo punda."

Usiku ule Masanja hakulala. Aliwasha taa akaandika barua. Iliandikwa hivi: "Mpenzi wangu Rehema, natumaini u mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Kila niyasikiapo mawimbi ya bahari yakipiga ufukweni nakukumbuka wewe." Akaibusu, akaikunja, akampa mtoto wa jirani aipeleke. Mtoto alikwenda na kurudi kabla taa haijazimwa, kwa kuwa kwao Kija palikuwa ng'ambo ya njia.

Asubuhi majibu yakaja. Yalikuwa mafupi.

"Kaka Masanja, barua nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nina maswali matatu. La kwanza, Rehema ni nani? La pili, bahari umeiona lini? La tatu, pamba yenu mmeshapalilia ekari ngapi? Ni mimi, Kija."

Masanja akakaa chini ya mwembe mpaka kivuli kikahama. Vitabu vyote alivyosoma havikuwa na jibu la swali la tatu. Mwishowe akachukua karatasi nyingine, akaandika polepole, akikosea na kufuta.

"Dada Kija, Rehema ni wa kwenye kitabu. Nilinakili nikasahau kubadili jina. Bahari sijaiona. Tumepalilia ekari moja na nusu, bado moja, mgongo unaniuma. Yule punda nilimpenda pia. Masanja."

Kija aliisoma barua hiyo, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kopo la chumvi ambako ndugu zake hawatafuti kitu. Hakusema lolote. Lakini siku ile aliunguza uji.

Sasa, hadithi bila tajiri haijawa hadithi. Alhamisi tajiri akafika. Alikuwa na gari jeupe, miwani nyeusi na simu mbili. Alikuwa amesikia sifa za Kija huko mjini, haijulikani kutoka kwa nani, kwa sababu matajiri wa hadithini husikia tu. Baba yake Kija akavaa viatu. Gari likaja kwa kasi, likakata kona, likaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, nao mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Likazama mpaka milangoni.

Hapa vijana wawili wanaompenda msichana mmoja wanatakiwa wapigane. Masanja alikuja na ng'ombe wanne na mnyororo wa plau.

"Kijana, unanitoa kwa bei gani?" tajiri akauliza kutoka dirishani.

"Sisi Wasukuma, bosi, kusukuma tunasukuma bure. Kuvuta ndiyo kunalipiwa."

Tajiri alilipa. Akarudi alikotoka akiwa na kiatu kimoja. Kingine hakikuonekana mpaka kiangazi.

Vitabu vingine vingefika hapa viseme "wakafunga ndoa wakaishi raha mustarehe." Masanja hakupata bahati hiyo. Wazee walikaa. Walitaja ng'ombe. Wakataja tena. Mjomba mmoja akakumbuka deni la ng'ombe wa mwaka wa njaa ambaye hakuhusika kabisa na shauri lile. Palikuwa na ndama mmoja wa madoa aliyehesabiwa mara mbili, na upande mmoja ulijua. Kija alileta michembe na karanga, akasimama nyuma ya mlango akisikiliza, akawaza kwamba katika vitabu vyote alivyowahi kusoma hakuna malaika aliyelinganishwa na ndama.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?" baba yake akamwita.

"Namtaka huyu wa ekari moja na nusu," Kija akasema. "Lakini amalizie ile moja kwanza."

Itaendelea, mvua ikikatika.

Haya, tuirudie hadithi hiyo tukiwa na kalamu mkononi.

Tazama pale dunia iliposimama na punda akaendelea. Sentensi ya kwanza imepanda juu kama kishada, ya pili imekatwa uzi. Mwandishi wa hadithi za mapenzi anatumia chuku, yaani kuongeza chumvi: dunia inasimama, moyo unapasuka, jua ni dhahabu. Anayetania huiacha chuku ipande, kisha anaweka kando yake kitu kimoja cha kweli ambacho hakiwezi kudanganywa, kama punda, miiba au mgongo unaouma. Hahitaji kusema "hii ni chuku." Punda amesema.

Theluji niliyoitaja mwanzoni ni mfano mwingine. Ni nani Lalago amewahi kuiona theluji ili ajue meno yafananishwe nayo? Pamba tunayo. Mtu akisema meno ya mpenzi wake ni kama pamba iliyopasuka siku ya kwanza, huyo ametumia macho yake mwenyewe. Theluji aliikuta kwenye kitabu cha mwingine, na huyo mwingine huenda aliikuta kwenye kitabu cha mwingine tena, mpaka ng'ambo ya bahari.

Na barua ya Rehema? Hapo ndipo palipo na jambo la kufikiri. Barua ya kunakili ina maneno mazuri kuliko ya Masanja. Haina kosa la herufi. Lakini Kija ameikataa kwa sababu anajua kusoma, na kusoma kwake si kutamka silabi peke yake. Ameuliza: maneno haya yanamhusu nani? Siku hizi barua zimepungua na ujumbe unakuja kwa simu, unatumwa na mtu mmoja kwa watu kumi, na Rehema wamekuwa wengi. Swali la Kija bado linafaa.

Utani huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1605 mwandishi wa Hispania aitwaye Miguel de Cervantes alitoa kitabu cha "Don Quixote", na sehemu ya pili ikatoka 1615. Kinamsimulia mzee mmoja wa kijijini aliyependa vitabu vya mashujaa na mapenzi yao mpaka akauza ekari za shamba lake ili anunue vingine. Lo! Wakulima wenzangu, ekari kwa kitabu. Alisoma usiku na mchana hadi akili ikamhama, akavaa mavazi ya vita yaliyoota kutu, akapanda farasi aliyekonda, akatoka kwenda kutafuta ushujaa. Shujaa lazima awe na mpenzi, kwa hiyo akamchagua msichana wa shamba wa kijiji cha jirani, aliyeitwa Aldonza Lorenzo, akambadilisha jina na kumwita Dulcinea, akamfanya binti mfalme. Alimpigania, alimlilia, alitaka watu wote wamkiri kuwa ni mrembo kuliko wote duniani.

Msichana mwenyewe hakuulizwa. Hakujua hata kwamba anapendwa.

Watu wamecheka na kitabu hicho kwa zaidi ya miaka 400, na mimi naona mzaha wake mkali kuliko wote ni huo wa Dulcinea. Ukiuondoa msamiati wa mashujaa unabaki na mwanamume anayempenda msichana wa kichwani mwake, na msichana wa kweli anaendelea na kazi zake bila habari. Mwandishi mwanamke wa Uingereza, Jane Austen, naye alifanya utani kama huo katika kitabu chake "Northanger Abbey", kilichotoka mwishoni mwa 1817 akiwa ameshafariki. Msichana aliyezoea hadithi za kutisha za mapenzi analala ugenini, anakuta karatasi za siri kabatini, taa inazimika, anatetemeka usiku kucha. Kulipokucha akazisoma. Zilikuwa hesabu za nguo za kufua.

Hapa kwetu utani wa mapenzi uliingia zaidi kwenye vibonzo. Wasomaji wa gazeti la Sani miaka ya 1980 wanawakumbuka Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Pimbi. Huyu Pimbi ni mtu mfupi anayejiona bingwa wa mapenzi, na jina lake limebeba mzaha wote, maana pimbi ni yule mnyama mdogo anayeota jua juu ya majabali, na majabali Usukumani hayahitaji kuelezwa. Magazeti nayo yakaleta hadithi za kuendelea, ambazo wengi wetu tumezisubiri wiki hadi wiki. Eric Shigongo ana moja inayoitwa "Rais Anampenda Mke Wangu". Jina tu limeshamnyanyua msomaji kitini! Tajiri wa gari hatoshi tena, sasa ameletwa Rais.

Wapo walioigeuza hadithi ya mapenzi bila kuchekesha hata kidogo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa "Rosa Mistika" mwaka 1971, na kikazuiwa shuleni kwa muda kabla ya kuja kukubaliwa. Mle ndani kuna barua ya mapenzi, kuna baba mkali, kuna kijana wa kwanza kupendwa anayerudi mwishoni, vitu vyote vya hadithi tamu, lakini vinampeleka msichana kaburini. Nakitaja ili tuone kwamba barua na baba mkali si vitu vya karatasini peke yake. Ni vitu vya nyumba zetu. Kwa sababu hiyo mzaha kuhusu vitu hivyo una uzito.

Chukua hili neno "hapana". Katika hadithi nyingi za mapenzi msichana akisema hapana, kijana hutabasamu, anajua anapendwa. Anarudi kesho, anarudi keshokutwa, anasimama mvuani, na ukurasa wa mwisho hapana imegeuka ndiyo. Vijana wanasoma, wanaamini. Sisi Wasukuma tuna desturi ya zamani ya chagulaga: vijana humzunguka msichana, ngomani au njiani, wakimwambia achague mmoja wao. Wapo wanaoisifu kwamba msichana alipewa nafasi ya kuchagua. Mimi nauliza tu, katika duara lile, mlango wa kutomchagua yeyote ulikuwa upande gani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari. Hiari maana yake ni kwamba hapana nayo ni jibu kamili.

Ndiyo maana Kija katika hadithi yetu hakuambiwa akimbie wala alie. Ameuliza maswali. Na Masanja hakushinda kwa kusimama mvuani, ameshinda siku aliyojibu alichoulizwa. Msomaji mmoja anaweza kusema: mbona basi mwishoni wameoana, si ndiyo yale yale ya vitabuni? Ni kweli, ni yale yale. Mtani naye akimaliza kuigiza anakaa kula na wafiwa. Tumezitania hadithi za mapenzi, hatujazifukuza, na mimi binafsi nisingependa kusoma mwisho ambao Kija anabaki na punda peke yake.

Ukiwa na kikundi cha kusoma, someni "Penzi la Masika" kwa sauti, mmoja awe Masanja, mmoja Kija, mmoja msimulizi. Msimulizi asome kwa uzito, kama anasoma jambo kubwa. Akicheka yeye, wenzake hawatacheka.

MANENO YA KUJIFUNZA

Chuku: kueleza jambo kwa kulikuza kupita kiasi.
Kejeli: kusema jambo kwa namna ya kulicheka au kulikosoa.
Mtanashati: mtu nadhifu, anayejipenda.
Kibonzo: mchoro wa kuchekesha wenye maneno machache.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Kija aliuliza maswali matatu. Ni lipi lililomchoma Masanja zaidi? Tafuta sentensi inayoonyesha hivyo.

2. Baba yake Kija alivaa viatu aliposikia tajiri anakuja. Mwandishi hakueleza sababu. Ieleze wewe.

3. "Moyo wake ulipasuka vipande elfu." Andika sentensi ya kufuata hiyo, uweke kitu kimoja cha nyumbani kwenu kinachoishusha chini.

4. Ndama wa madoa alihesabiwa mara mbili. Je, Kija angetakiwa kusema? Jadilianeni, wanaume na wanawake, bila kukatizana.

5. Andika barua ya mistari mitano kwa mtu unayempenda, hata kama mmeoana miaka 30. Usitumie neno ua, wala malaika, wala bahari. Na kabla ya yote, hakikisha jina ni lake.